Msimu Timu Ilipopitia Jikoni Mwangu

Siku ile ya mwisho ya msimu, nyumbani kwangu walikuwapo hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba, mjane. Mjukuu wangu, kipa wa timu, mtoto wa binti yangu wa tatu. Nimemlea tangu alipoacha kunyonya, na kwa utani wetu wa bibi na mjukuu namwita bwana yangu, naye ananiita kambo, yaani bibi, kama wajukuu wote wa huku. Prezida wa timu, mnunuzi wa mawe ya shaba na kobalti barabara ya Mutoshi. Huyo alimwoa mtoto wa dada ya marehemu mume wangu, wakaachana, lakini mahari haikurudishwa, kwa hiyo bado ni mkwe wangu na akinisalimia lazima ainame. Kocha, ambaye si ndugu ya mtu yeyote hapa. Alitoka Likasi na diploma mbili na suruali moja ya kijivu. Mzee wa basi, jirani yangu, Mwislamu, ambaye watu wake walikuja zamani kutoka Maniema kwa biashara. Mke wake na mi tunaazimana chumvi juu ya ua. Wachezaji wengine kumi na saba, wote nawajua kwa jina, kwa jina la baba na kwa jina la utani. Kamishna wa mechi, aliyetumwa na ligi kutoka Lubumbashi, ambaye hakuna aliyemwalika. Na bata jike mweupe, wangu.

Binti yangu aliyesoma ameniambia, "Mama, andika, lakini usitie jina la mtu hata moja, watatupeleka mahakamani." Mi shule niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu sijawahi kulisahau, hata la mtu niliyekutana naye mara moja kwenye foleni ya maji. Sasa majina yote hayo nimeyakalia kama kuku. Nitasema prezida, nitasema kocha. Wenyewe watajijua.

Nyumba yangu iko Manika, hapa Kolwezi, mwisho wa avenyu, na mgongo wake umegusa ukuta wa uwanja wa mpira. Ukuta huo ulijengwa na kampuni ya migodi, enzi zile kampuni ilipokuwa ikimjengea mtu hata choo. Mvua ziliangusha kipande chake nyuma ya jiko langu, upana wa mtu mmoja na begi lake. Nilikwenda ofisini kuomba kitengenezwe. Wakaandika. Nikarudi tena, wakaandika tena. Mwishowe nikaweka bati, nikalitoboa tundu, na tangu hapo nimeangalia mechi zote za timu yetu kwa jicho moja.

Kuna jambo mnapaswa kulijua kwanza, la sivyo mtabaki kucheka tu. Mjukuu wangu, kabla ya kuwa kipa wa daraja la pili, alikuwa mchimbaji. Alishuka mashimo ya Mutoshi, akashuka na ya Kasulo, yale ya ndani ya nyumba, shimo linaanzia pembeni ya kitanda na mgeni akija linafunikwa kwa mkeka. Siku moja shimo lilijifunga. Yeye alitolewa, mfupa wa bega umevunjika. Wenzake wawili hawakutolewa. Majina yao pia ninayo. Alipopona nilimkalisha chini, nikalia mbele yake bila haya, na yeye akaniambia, "Kambo, kama niko na timu, sishuki. Nikikosa timu, usiniulize." Nikachukua beleshi lake nikaliweka chini ya kitanda changu, na ile taa yake ya kichwani nikaitundika jikoni, ya siku umeme ukikatika.

Sasa prezida, siku ya kufungua msimu, alishika mikrofoni akatangaza, "Mwaka huu tukipanda daraja, tunaendelea. Tusipopanda, nafunga timu, nafuga nguruwe. Nguruwe haina kocha!" Watu walipiga makofi. Mi nilihesabu vidole vyangu. Ndiyo maana mji mzima uliomba timu ipande kwa ajili ya heshima ya Kolwezi, na mi niliomba ipande kwa ajili ya beleshi lililokuwa chini ya kitanda.

Mechi ya kwanza, lango kubwa la uwanja lilikutwa na kufuli. Mlinzi alikuwa amewaingiza wageni mapema, akafunga ili watu wasiingie bila tiketi, halafu akaenda kilio Kasulo na ufunguo mfukoni. Simu yake imezimwa. Timu yetu ikasimama nje ya uwanja wake yenyewe kama watu waliokuja kuomba kazi. Mjukuu wangu ndiye aliyesema, "Tupitie kwa kambo."

Wakati huo mi nilikuwa nyuma ya nyumba nasafisha tomson, samaki wa barafu tunaokula kila siku ya Mungu. Bata alinizunguka, akanyakua samaki mmoja kwa mkia, akakimbilia kwenye bati. Nikanyanyua beseni nikammwagia maji yote. Bata akainama. Kocha, aliyekuwa wa kwanza kutokea kwenye kona ya nyumba, hakuinama.

"Mama!"

"Aa, tata, unisamehe, nilikuwa nafukuza..."

Sikumaliza, maana nyuma yake walikuwa wanapita watu kumi na wanane na viatu vya meno juu ya sementi yangu, kila mmoja "jambo kambo, jambo kambo," na wa mwisho akaliondoa bati langu kama pazia la kanisani.

Walishinda tatu bila. Mi niliona kwa tundu langu jinsi mjukuu wangu alivyotoa mipira minne ya kuingia kabisa, mmoja kwa ncha za vidole, akiwa ameruka upande wa lile bega lililovunjika. Nilimwona akijishika bega halafu akijifanya anakuna.

Jua likiwa bado juu, prezida alikuja. Akainama.

"Mama mukwe, ile mayi ulimwangia kocha, ilikuwa ya nini?"

"Ya samaki."

"Najua ni ya samaki. Mi nauliza, ilikuwa ya nini?"

"Ya samaki, mukwe wangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa kwamba siri kubwa haisemwi barazani. Akaondoka kinyumenyume mpaka barabarani, kwa heshima ambayo hakunipa hata siku alipokuja kuomba mke.

Mechi ya pili ya nyumbani, ufunguo ulikuwapo, timu ikaingia kwa lango kubwa kama watu. Ikapigwa moja bila, kwa penalti ya beki aliyeushika mpira kwa mkono kana kwamba anaupokea sokoni. Komite ikakaa kikao saa tatu nzima. Katibu aliniambia mambo yaliyokuwa kwenye ajenda: mipira iliyopasuka, jezi zilizochanika, mashimo ya uwanjani, na beseni langu. Yale matatu ya mwanzo yaliahirishwa.

Azimio nililetewa na mtu, kwenye karatasi yenye muhuri. Timu itapitia jikoni kwa mama. Mama atavaa kitenge kilekile. Samaki atakuwa tomson, wa muuzaji yuleyule. Kocha atatangulia, na atavaa suruali ya kijivu. Bata awepo.

"Bata awepo afanye nini?" nikauliza.

"Awepo tu, mama."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini prezida, aliyekuja pamoja na ile karatasi, akaongeza maneno yake: "Unajua mama, mi nilikuwa natafuta gardien mwingine, kipa murefu, wa kutoka mbali. Lakini sasa, mujukuu wa nyumba yenye mayi, nani atamugusa?" Nikafunga mdomo. Nikamwuliza anataka samaki wakubwa au wa kati.

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila baada ya wiki mbili, kocha aliegemeza ubao wake kwenye kabati langu la vyombo, akachora mishale, akafafanua kwa Kifaransa na kwa Kiswahili nani atakimbia wapi. Wachezaji walimsikiliza kwa sikio moja. Shingo zao zilielekea dirishani. "Kambo, mayi iko tayari?" Ikawa tayari, wakasimama, ubao ukabaki unalifundisha kabati. Kocha akatangulia, mi nikamwaga, suruali ikaloa, wote wakashangilia, wakapita.

Na bata! Bata alipewa mahindi na klabu, debe zima, na mtu wa kumletea. Wachezaji wa akiba walikuwa wanakula bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo bila mafuta, halafu wanapita mbele ya bata aliyeshiba hata kutembea hawezi. Mmoja wao alimwangalia siku moja kwa macho ambayo sikuyapenda. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo yuko juu yako kwenye klabu." Akasema, "Najua, kambo. Yeye hajawahi kukaa benchi."

Siku moja kocha alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akavuta kigoda.

"Mama, unambie kweli. Siku ile ya kwanza ulinimwangia juu ya nini?"

"Bata, tata. Aliiba samaki. Wewe ulitokea tu."

Alinusa suruali yake. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo mi nanuka samaki kila wiki mbili juu ya bata."

"Ndiyo, tata."

"Usibaambie, mama. Kontra yangu ya kazi pia iko ndani ya hiyo beseni."

Akaondoka na ubao wake kichwani. Tangu siku hiyo alinisalimia kama mtu tuliyeiba naye.

Mzee wa basi ndiye pekee niliyemtegemea kuwa na akili. Alisimama kwenye ua akasema, "Dada, mi Mwislamu. Mambo ya mayi na bata haiko yangu. Mi kazi yangu ni kuendesha." Nikamshukuru Mungu. Kumbe yeye naye siku ya mechi alikuwa harudishi gari nyuma. Hata kidogo. Akikosea njia, anazunguka mtaa mzima, anapita kwa soko, anapita kwa kanisa, anarudi alipotoka, ilimradi basi liende mbele. "Hiyo siyo imani," aliniambia, "hiyo ni mécanique."

Mechi za ugenini ilibidi nijaze maji ya samaki kwenye bidoni, dumu lenye kifuniko. Ya Likasi ndiyo watu wanaikumbuka. Barabara imejaa malori ya madini, mashimo kila hatua, na njiani kifuniko kikaruka. Mjukuu wangu alinisimulia: basi zima lilipiga kelele, madirisha mawili hayafunguki, na mzee wa basi hakutaka kusimama kwa sababu kusimama, alisema, ni ndugu wa kurudi nyuma. Waliingia uwanjani wananuka kama kizimba cha soko saa nane. Mabeki wa Likasi hawakutaka kumkaribia mshambuliaji wetu. Kila akienda, wanamwachia nafasi kwa adabu. Alifunga mawili. Redio ikasema kocha wetu ameleta mbinu mpya ya kutawanya ulinzi.

Mi nilicheka na wenzangu, sikatai. Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma kama mfupa wa samaki kooni. Tukishinda, ni maji. Tukishindwa, ni kipa. Asubuhi moja sokoni, muuzaji wangu wa tomson alipiga kelele meza tatu mbali:

"Kambo! Mayi yako jana iliokoa penalti!"

"Iliokolewa na mikono ya mutoto."

"Eh! Na hiyo mikono, nani aliinawisha?"

Soko zima likacheka, na mi nikacheka, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani na aibu yangu ndani ya mfuko. Nilimkuta bwana yangu anakula bukari kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Mimi ndiye niliyemwibia mikono yake, na nilimwibia ili asishuke shimoni. Nikamwongezea mchuzi.

Mwisho wa msimu ukakaribia, na marafiki zake wa Mutoshi wakaanza kupita na pikipiki. Walinisalimia vizuri, vijana wenye adabu, vumbi mpaka kwenye kope. Mmoja alisema bila kujua nasikia, "Ndugu, tumekuta mawe mazuri, chini kabisa. Timu yako ikikufa, nafasi yako iko." Usiku... hapana, si usiku, ilikuwa asubuhi yake, mjukuu wangu akaniuliza akiwa anafunga viatu:

"Kambo, beleshi yangu iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nauliza tu."

"Bwana yangu, mtu haulizi beleshi bure."

Akamaliza kufunga viatu, akatoka. Nilikwenda kulala juu ya kitanda mchana, nikiwa sina usingizi, ili tu beleshi liwe na mtu juu yake.

Basi, siku ya mechi ya mwisho. Sare ilitutosha kupanda. Tukifungwa, nguruwe. Asubuhi nikaenda kumtafuta bata, nikamkuta nyuma ya gunia la makaa ameatamia mayai, manyoya yamesimama, ananizomea mimi niliyemfuga. Nikajaribu kumsogeza, akaniuma. Prezida alipofika na kuambiwa, alikaa chini kwenye kizingiti, mtu mzima, na tai shingoni.

"Mama, leo? Kweli bata anachagua leo?"

"Mukwe wangu, mi sikuwa naye alipochagua."

Kabla hajapata nguvu ya kusimama, akaingia kamishna wa mechi kutoka Lubumbashi, mtu mwembamba, saa kubwa, karatasi kwenye ubao mdogo. Aliangalia wachezaji waliojaa sebuleni, akaangalia ubao kwenye kabati, akanusa.

"Timu iko inafanya nini ndani ya nyumba ya mama?"

"Inajiandaa," kocha akasema.

"Ligi imepata malalamiko. Kanuni ni wazi: timu zote mbili zinaingia kwa lango kubwa, nyuma ya mwamuzi. Ile tundu ya ukuta haiko lango. Muko na dakika kumi na tano. Ikipita, ni forfait, munapoteza."

"Tata kamishna," prezida akasema, mikono imekunjwa kama anasali, "utupatie muda kidogo. Bata yetu iko kwa konje, likizo ya uzazi."

Kamishna alivua kifuniko cha kalamu. Aliandika kitu. Akatoka.

Nimeona watu wakiogopa maishani mwangu. Nimeona wake wakisubiri kwenye mdomo wa shimo. Lakini sijawahi kuona vijana kumi na wanane wenye misuli wanaogopa lango ambalo watoto wa shule hupita kila siku. Beki aliyeshika mpira kwa mkono alisema, "Kwa lango tulipigwa." Mwingine, "Na bata haiko." Wa tatu akavua kiatu kimoja. Kocha alinitazama. Mi nikatazama mlango wa chumba changu, na chini ya kitanda.

Nikaingia katikati ya sebule.

"Sikilizeni, batoto. Ile mayi ya siku ya kwanza nilikuwa namwangia bata. Bata aliiba samaki. Kocha alitokea, ikamupata. Hakuna kitu kingine. Hakukuwa kitu tangu mwanzo mpaka leo."

Aliyevua kiatu akakivaa. Hata mzee wa basi, aliyekuwa mlangoni, alishika ndevu. Nikadhani nimemaliza kazi.

Prezida akasimama, akawageukia wachezaji, macho yamejaa machozi. "Munaona? Munaona, batoto? Mwenye nguvu ya kweli hajisifu!"

Nilitaka kumpiga na beseni.

Hapo mjukuu wangu akainuka. Alivaa glavu zake, moja, ya pili, akafunga kwa meno. "Mi niko naenda kusimama kwa goli yangu," akasema. "Mwenye kutaka, anifuate." Akatoka kwa mlango wa mbele, peke yake, akashika barabara kuelekea lango kubwa.

Hakuna aliyemfuata. Kila mmoja anamwangalia mwenzake. Nikaona mgongo wake ukienda barabarani, na nikajua kama hawamfuati leo, nitaona mgongo huohuo ukienda Mutoshi. Nilikuwa nimewaambia ukweli, haukufaa kitu. Nikachukua beseni, maji ya samaki ndani, nikaliweka kichwani.

"Mayi inamufuata gardien," nikasema. "Mwenye kubaki hapa, atabaki na bata."

Walitoka nyuma yangu wanasukumana mlangoni.

Kwa hiyo mji wa Kolwezi uliona jambo hili: kipa mbele, peke yake, halafu mi, kikongwe na kitenge cha msimu mzima na beseni kichwani, halafu kumi na saba wanakimbia kunifikia, halafu kocha na suruali yake, halafu prezida analia, na mzee wa basi na basi tupu nyuma yetu, taratibu, mbele tu. Langoni kamishna alikuwa amesimama anaangalia saa, zimebaki dakika mbili. Nikamwaga maji pale kwenye kizingiti, yote. Kamishna akaruka, lakini viatu vyake havikuruka kwa wakati.

"Mama, ni nini hii?"

"Ni samaki, tata."

Wakapita juu ya maji hayo wote kumi na wanane, wakaingia.

Siku hiyo sikuangalia kwa tundu. Nilisimama palepale langoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona mjukuu wangu mzima, kuanzia kichwa hadi miguu, kwa macho mawili. Nilikuwa sijui kwamba anasema sana. Anawapanga mabeki, anawaita kwa majina, anamtania mshambuliaji wa wageni: "Wee, njoo, uko unaogopa nini, leo sinuki!" Uwanja ulikuwa mwekundu kwa vumbi la malori, mpira ukidunda hauonekani unakwenda wapi. Bila, bila. Kipindi cha pili, bila, bila. Karibu na mwisho wakapata kona. Mpira ukaja juu, mrefu wao akaupiga kwa kichwa chini, upande wa kushoto, na bwana yangu alikuwa ameshaanza kwenda kulia. Nikafumba macho. Nikafumbua. Alikuwa amelala chali, na mguu wake wa kushoto, ule mguu tu, ulikuwa umebaki nyuma kama kitu alichosahau, na mpira ulikuwa umeugonga na kutoka nje.

Filimbi ikalia. Tumepanda.

Watu walitoka kila upande wakaja mbio, wakampita kipa kama unavyopitwa mti, wakaja kwangu. Wakaninyanyua na beseni langu. Ngoma, tarumbeta, prezida anapiga magoti kwenye tope la samaki. Juu huko nilikokuwa niliona kila kitu: mjukuu wangu ameketi chini kwenye mlingoti wa goli, anavua glavu, anacheka peke yake huku ananiangalia nikirushwa. Kelele zangu za "muniache, muniache" walidhani ni furaha.

Waliponishusha, kamishna alikuja, viatu vinalia chwa, chwa. Alikuwa na kalamu mkononi.

"Mama, yule gardien ni nani?"

Msimu mzima, ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamtajia jina lote: la babu yake, la baba yake, la ubatizo, na lile nililompa mimi siku alipozaliwa, ambalo hata yeye mwenyewe hulisahau. Akaniuliza linaandikwaje. Nikamwambia mi sijui linaandikwaje, najua linaitwaje. Akaandika kama alivyosikia. Halafu akamwendea prezida, nikamsikia kwa masikio haya: "Tata, uko na gardien wa daraja ya kwanza. Unajua?"

"Nani asiyejua?" prezida akasema. "Mi nilisema tangu mwanzo!"

Wiki hiyo prezida akaja na karatasi za mkataba wa mjukuu wangu, misimu miwili, zikatiwa sahihi juu ya meza yangu. Katibu alisema zinanuka. Nikamwambia ndivyo zinavyokuwa halali.

Kesho yake asubuhi mjukuu wangu akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Kambo, unipe beleshi."

Nikasimama mbele ya kitanda. "Karatasi umetia sahihi jana!"

"Unipe tu."

Nikalivuta. Lilikuwa na utando wa buibui. Nilimfuata mpaka nyuma ya jiko, na pale nikakuta tofali zimepangwa, na mfuko wa sementi, na mzee wa basi amekunja kanzu yake, tayari kusaidia. Mjukuu wangu aliliondoa bati, akachanganya sementi kwa beleshi lile, wakaziba tundu la ukuta mpaka juu. Prezida alipiga simu mara mbili, ameshaambiwa na mtu, anauliza kwa nini. Mjukuu wangu alimjibu, "Prezida, kanuni." Akarudisha simu mfukoni.

"Wewe ulijua kuhusu bata?" nikamwuliza.

"Kambo, mi nilikuwa nyuma ya kocha. Nilimwona bata na samaki mudomoni."

"Na ulinyamaza msimu mzima?"

"Na wewe je?"

Beleshi liko jikoni sasa, na taa ya kichwani iko juu yake. Timu inacheza daraja la kwanza, inapitia lango kubwa, inashinda moja inapigwa mbili, na ikipigwa wanasema ni kipa, na ikishinda wanaanza pia kusema ni kipa, kidogokidogo, kama watu wanaojifunza lugha. Mi sioni tena chochote kutoka jikoni. Nanunua tiketi.

Hayo ndiyo niliyonayo. Inawezekana ya Likasi tulifunga matatu, si mawili. Kocha anasema suruali ilikuwa ya bluu. Mi najua ilikuwa ya kijivu, nimeilowesha zaidi ya mke wake. Bata aliangua saba au nane, mbwa alitangulia kuhesabu. Aliyekuwapo na anakumbuka vingine, aje anirekebishe, sitakasirika, na atakula. Ila apitie mlango wa mbele.